Jaribosi

Dukani kwa Mselem wanaiita foili.
Mama alipoiona akacheka:
"Hii si jaribosi? Sie tukiikatia nyota za kupambia Maulidi.
Leo mwaivika samaki?"

Jumatatu, Wete. Nimefunga sunna,
na kwa mara ya kwanza tangu tuoane
mpishi ni mimi.
Zuwena yuko Unguja, masomo ya ukunga, miezi mitatu.
Ujumbe wake mfupi:
*Usikaange, utaunguza nyumba.
Funga tu, weka motoni, ngoja.*

Basi nimefunga, na ninafunga.
Changu watano, kila mmoja kiasi cha kiganja,
na kamba wachache alioniongeza Shaame kwa huruma
aliponisikia nauliza:
samaki unampaa kuanzia mkiani au kichwani?
Tungule. Vitunguu maji. Bizari.
Thomu nimeiponda kwa chupa ya soda,
kinu sijui Zuwena hukificha wapi.
Tui zito, vijiko viwili viwili.
Ndimu mbili nimeziweka dirishani, zisinipotee.
Kuonja sithubutu. Chumvi naikadiria kwa macho
kama fundi anavyokadiria saruji.

Hiki cha Mama, hakina chumvi, ana presha.
Hiki cha Arafa, hakina pilipili.
Hiki cha Nassir, pilipili mbuzi nzima,
ana miaka kumi na miwili na anataka tumwone mwanamume.
Hiki changu, cha changu,
nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu.
Kisha mikono, bila kuniuliza,
ikafunga cha tano,
ikakitia wale kamba wawili wakubwa,
ikakunja pembe mara tatu
kama mtu anayefunga barua.

Mama yuko mlangoni na upawa.
(Wali kapika yeye, hilo hakuniachia.)
"Chakula gani hiki, kila mtu na mlango wake?
Kwetu mkono hukutana na mkono."
Sikumjibu. Nilikuwa napuliza makaa ya seredani
na moshi ulikuwa umenijaa machoni.

Foili ikaanza kuvimba
kama shavu la mtoto anayezuia kicheko.
Harufu ikatoka kwa tundu nisilolijua.
Nyuma ya ukuta, Bi Time:
"Nani anapika hapo?"
"Mimi, Faki."
"Faki yupi?"

Adhana. Tende, maji.
Tukafungua, na kufungua kukawa mara mbili.
Mvuke ukapanda hadi kwenye miwani ya Mama.
Arafa akalia, chake hakina kamba.
Nassir akalia pia, lakini akasema ni moshi.
Mama akakitazama chake kitambo,
akakishika kwa ncha za vidole,
akakimimina chote juu ya wali, kwenye sinia.
Akachukua cha Arafa. Akachukua changu.
Pilipili ya Nassir ikakimbilia kila upande.
Nikaligeuza sinia,
pembe isiyo na chumvi imwelekee yeye.
Nilipoinuka kufuata maji
akaligeuza tena.

Cha tano kilibaki kwenye jivu, hakuna aliyekigusa.
Saa mbili na nusu simu ikalia.
Zuwena yuko bwenini, chai na boflo.
"Vipi, umepika?"
"Nimefunga tu."
"Na nyumba?"
"Ipo."
Sikujua la kuongeza. Miezi mitatu,
na imepita wiki moja na siku mbili.
Nikaisogeza simu karibu na seredani,
nikakunjua pembe moja, ya pili, ya tatu,
polepole, asikie jaribosi inavyolia,
asikie tui linavyochemka chini ya mgongo wa samaki.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.
"Faki," akasema, "hukutia ndimu."

Nikageuka.
Zilikuwa dirishani, mbili, nzima,
zinanitazama.